Namna ya kuzisoma riwaya za giza za Kirusi: tazama kisichowashangaza wahusika

Mtu akisikia unasoma riwaya za kisayansi za Kirusi za enzi ya ukomunisti, swali lake la kwanza huwa hilo hilo: "Humo ndani Stalin ni yupi?" Mtawala akitokea, ni Stalin. Mbwa akigeuzwa mtu, ni mlalahoi aliyepewa cheo. Ukuta ukitajwa, ni wa Berlin, hata kama kitabu kiliandikwa miaka 40 kabla ukuta huo haujajengwa. Sisi tuliosoma fasihi kwa ajili ya mtihani tuna ugonjwa huu zaidi. Tulizoezwa kuikabili Kusadikika ya Shaaban Robert na jedwali mkononi, fulani anawakilisha hiki, fulani anawakilisha kile, na ukishajaza jedwali umemaliza kusoma. Ukiwasoma Warusi hivyo utachoka kabla hujafika kitabu cha pili. Vyote vitakuambia jambo moja tu, kwamba udikteta ni mbaya, na hilo ulilijua kabla hujatoa hela yako.

Mimi huwasoma kwa njia nyingine, na ndiyo ninayokushauri. Shika penseli. Usiweke alama pale linapotokea jambo la ajabu. Weka pale jambo linapotokea na hakuna mhusika anayeshangaa. Miale, wageni kutoka sayari nyingine, mashine zinazoongea, hayo mwandishi ameyatoa kichwani. Lakini mtu anapoulizwa kibali kwenye mlango wa jengo analoishi, akakitoa bila neno, na hadithi ikaendelea, hapo mwandishi hakubuni kitu. Hapo ameandika Jumanne ya kawaida ya maisha yake.

Chukua Moyo wa Mbwa wa Mikhail Bulgakov, alioandika mwaka 1925. Bulgakov alikuwa daktari kabla ya kuwa mwandishi, na hadithi yenyewe ni ya upasuaji: Profesa Preobrazhensky wa Moscow anaokota mbwa koko, anampandikiza tezi ya pituitari na korodani za mtu aliyekufa, na mbwa anageuka kuwa mtu aitwaye Sharikov, mlevi, mwongo, mwenye kinyongo na paka. Kila mtu huizungumzia sehemu hiyo. Mimi nakuomba uangalie vyumba. Profesa ana vyumba saba na anataka cha nane kiwe maktaba. Kamati ya nyumba, chini ya mwenyekiti wake Shvonder, imekuja kumnyang'anya viwili, kwa sababu mjini watu hawana pa kulala na kila mmoja anatakiwa kuwa na nafasi iliyopimwa. Profesa anafanya nini? Haendi mahakamani. Ananyanyua simu, anampigia mkubwa mmoja ambaye ni mgonjwa wake, anamwambia upasuaji wake umefutwa kwa sababu hana pa kumfanyia. Kamati inanywea pale pale.

Soma ukurasa huo polepole. Hakuna hata mmoja chumbani anayeshangaa kwamba kamati ina haki ya kuhesabu vyumba vya mtu, na hakuna anayeshangaa kwamba simu moja kwa mtu mzito ina nguvu kuliko sheria. Wote wanaujua mchezo. Baadaye Sharikov, ambaye majuzi tu alikuwa anabweka, anadai apewe hati za utambulisho, kwa hoja kwamba mtu asiye na hati haruhusiwi kuwepo. Anazipata. Akishazipata anadai arshini za mraba 16 katika nyumba ya profesa, yaani kama mita za mraba nane, kwa kuwa sasa ni mkazi aliyesajiliwa. Halafu anapata kazi serikalini, mkuu wa kitengo cha kuondoa paka wa mitaani. Upasuaji ulimfanya awe na miguu miwili, lakini kilichomfanya awe mtu ni karatasi. Na hilo halikuwa chumvi ya Bulgakov. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 nyumba kubwa za Moscow na Petrograd, jiji lililoitwa baadaye Leningrad, ziligawanywa kweli, familia moja chumba kimoja, jiko moja la wote, choo kimoja cha wote, na hali hiyo ikadumu kwa miongo.

Mwezi Mei 1926 polisi wa siri walipekua nyumba ya Bulgakov wakaondoka na mswada huo pamoja na shajara zake. Alikufa mwaka 1940. Kitabu kilichapishwa nchini kwake mwaka 1987.

Hapo unapata zoezi la pili, ambalo ni rahisi: kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, tafuta tarehe mbili. Kiliandikwa lini, na kilichapishwa lini nyumbani kwake? Nafasi iliyo kati ya tarehe hizo ni sehemu ya hadithi, na mara nyingi inakuzuia kusema upuuzi.

Sisi ya Yevgeny Zamyatin ndiyo mfano mzuri. Iliandikwa mwaka 1920 na 1921. Ilitoka kwanza New York, kwa Kiingereza, mwaka 1924. Urusi ilichapishwa mwaka 1988. Sasa pima: wakati inaandikwa, Stalin hakuwa hata Katibu Mkuu wa chama, cheo hicho alikipata mwaka 1922. Kwa hiyo Mfadhili, mtawala wa Jimbo Moja, nchi ya kubuni ya riwaya hiyo, anayechaguliwa kila mwaka kwa mikono kunyooshwa juu hadharani, hawezi kuwa picha ya Stalin. Zamyatin alikuwa anaandika alichokiona, na alichokiona kilikuwa mambo mawili.

La kwanza ni Petrograd yenye njaa. Jiji hilo lilikuwa na watu zaidi ya milioni 2 mwaka 1917. Kufikia mwaka 1920 walibaki chini ya laki 8, wengine wamekufa, wengi wamekimbilia vijijini kutafuta chakula. Chakula kilikuwa cha kadi. Katika riwaya, watu wanakula chakula kilichotengenezwa kwa mafuta ya petroli, na kinagawiwa kwa saa maalumu. Kila tonge linatafunwa kwa mwendo mmoja na mji mzima. Hakuna anayeuliza mkate ulikwenda wapi. La pili ni viwanda vya Uingereza. Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli, na kuanzia mwaka 1916 alikuwa kaskazini ya Uingereza, Newcastle na maeneo yake, akisimamia ujenzi wa meli za kuvunjia barafu kwa ajili ya Urusi. Ndiyo maana nabii wa Jimbo Moja ni Taylor, Mmarekani aliyepima kazi ya kiwandani kwa saa maalumu ya kupimia muda, sekunde kwa sekunde. Msimuliaji, D-503, anaiona ratiba ya treni ya watu wa kale kuwa kazi bora kuliko zote za fasihi yao. Anasema hivyo bila mzaha. Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba wakati huo chama chenyewe kilikuwa na watu walioihubiri njia ya Taylor kwa wafanyakazi kama dini.

Na Zamyatin mwenyewe? Alikuwa Mbolshevik, yaani wa chama cha Lenin, wakati wa mapinduzi ya 1905, akafungwa na serikali ya mfalme, akafukuzwa mjini. Huyu hakuwa bwana shamba anayelilia mali yake. Mwaka 1931, akiwa hawezi tena kuchapisha chochote, alimwandikia Stalin barua ya kuomba aruhusiwe kuondoka nchini, mwandishi mashuhuri Maxim Gorky akamsaidia, akaruhusiwa. Alifia Paris mwaka 1937. Nakutajia haya kwa sababu msomaji akijua kwamba mwandishi alikuwa ndani ya nyumba, hatazisoma kuta za vioo za Sisi kama tusi la jirani. Nyumba zote humo ni za vioo, na mapazia yanashushwa tu kwa muda ulioidhinishwa, kwa kuponi ya rangi ya waridi. D-503 anazipenda kuta hizo. Sehemu ya giza ya kitabu ni kwamba anazipenda.

Swali ambalo hunijia kila nikimaliza kitabu cha namna hii: iliwezekanaje vingine vikapita? Maana vingine vilipita. Kulikuwa na Glavlit, idara ya udhibiti iliyoanzishwa mwaka 1922, na hakuna kitabu kilichotoka bila muhuri wake. Lakini hadithi za kisayansi zilihesabiwa kuwa kusoma kwa vijana, mambo ya roketi na hamasa. Mwaka 1957 setilaiti ya kwanza ilipaa, mwaka 1961 Gagarin akapaa, na serikali ilitaka watoto waote ndoto za anga. Hadithi hizo zilichapishwa na mashirika ya vitabu vya watoto na majarida ya sayansi kwa umma. Mwandishi aliyezuiwa kuandika juu ya ofisi ya Leningrad aliweza kuiweka ofisi hiyo hiyo kwenye sayari nyingine, akawapa makarani wake majina ya kigeni. Wasomaji walijua. Wakaguzi nao walijua, ila ilibidi wathibitishe, na kuthibitisha kwamba jini la msituni ni mkuu wako wa idara ni kujitia matatani mwenyewe.

Waliocheza mchezo huo vizuri kuliko wote ni ndugu wawili, Arkady na Boris Strugatsky. Arkady alikuwa mfasiri wa Kijapani, Boris mwanaastronomia, mtaalamu wa nyota, katika kituo cha Pulkovo. Walionja vita wakiwa watoto: Leningrad ilipozingirwa, baba yao alitolewa mjini pamoja na Arkady mwaka 1942 na akafa njiani. Ukianza nao, kumbuka kwamba hawakuanza kama wapinzani. Vitabu vyao vya mwanzo vinauona ukomunisti kama karne ya 22 iliyojaa watu wema, wenye akili na kazi wanazozipenda, na wanaamini kila neno. Giza linaingia polepole.

Katika Ni Vigumu Kuwa Mungu, ya mwaka 1964, wanahistoria kutoka Dunia ya kikomunisti wanaishi kwa siri katika sayari iliyokwama kwenye enzi za giza, ambako wasomi, madaktari na washairi wanawindwa na kunyongwa. Mwovu mkuu anaitwa don Reba. Kwenye mswada aliitwa don Rebia. Zichanganye herufi upate Beria, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin. Mwandishi mwenzao Ivan Yefremov aliwashauri wabadilishe, wakalifupisha jina. Hapa nakiri jedwali la shuleni linafanya kazi. Lakini geuza penseli upande wa pili: shujaa Rumata haoni ajabu kwamba kwao ukomunisti umeshashinda na watu wote wameshiba. Hilo kwake ni kama hewa. Kwa hiyo kitabu ni kilio cha mtu anayeiamini safari na anayeogopa kwamba walioshika usukani wanawachukia watu wenye akili. Ukikisoma kama tangazo la kuupinga ukomunisti utakuwa umekisoma nusu.

Kitabu chao ninachokipenda kuliko vyote kinaitwa kwa Kirusi Miaka Bilioni Moja Kabla ya Mwisho wa Dunia. Kwa Kiingereza utakitafuta kwa jina la Definitely Maybe. Ni kifupi. Kilichapishwa mwaka 1976 na 1977 kwa vipande katika jarida la sayansi. Na hakina sayari wala roketi. Yote yanatokea katika maghorofa ya kawaida ya Leningrad, mwezi Julai, joto kali, madirisha wazi.

Malyanov ni mwanaastronomia. Mke na mtoto wamesafiri, amebaki na paka na hesabu zake, na anahisi yuko karibu kupata jambo kubwa. Ndipo usumbufu unapoanza. Simu inalia kila dakika, watu wamekosea namba. Kisha mlango unagongwa: mtu wa duka ameleta sanduku la vyakula na vinywaji vya kifahari. Malyanov hakuagiza. Risiti inaonyesha limeshalipiwa. Kisha anakuja msichana mrembo anayesema ni rafiki wa mkewe. Kisha jirani, mwanafizikia wa kazi za siri, anakutwa amekufa, na mpelelezi anakaa sebuleni kwa Malyanov akimuuliza maswali kwa upole. Kidogo kidogo inajulikana kwamba marafiki zake wa fani nyingine nao yamewakuta: mmoja ametishwa na kuahidiwa cheo, mwingine amevamiwa na wanawake wote aliowahi kuwapenda kwa wakati mmoja. Kila aliyekaribia ugunduzi fulani anasukumwa aache.

Nilimsimulia shangazi yangu hadithi hii jioni moja tukichambua mchele. Yeye si msomaji wa riwaya. Nilipofika kwenye sanduku la chakula akanikatiza.

"Nani kalipa?"

Nikamwambia risiti imeandikwa kwamba limeshalipiwa.

"Basi huyo kwisha habari yake."

Shangazi aliishi Kariakoo mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, kipindi ambacho mtu akikutwa na mifuko ya sukari au katoni za sabuni ilibidi aeleze zilikotoka, na wapo waliozitupa usiku wa manane ili wasiulizwe. Sitaki kusema Tanzania ya wakati ule ilikuwa Urusi, haikuwa. Ila yeye alielewa kwa sekunde moja jambo ambalo msomaji aliyezaliwa kwenye zama za supamaketi hulipita. Katika nchi ya foleni, chakula kizuri kinachogonga mlango chenyewe hakiwezi kuwa neema. Ni mtu anakuambia tunajua unapoishi. Malyanov haoni ajabu kwamba duka halina kitu. Hilo halisemwi hata kidogo. Anaogopa kwa sababu limekuja lenye kitu. Ndiyo maana nasema, kama una wazee nyumbani waliopanga foleni za mwanzoni mwa miaka ya 80, wa Dar es Salaam au wa popote, wasimulie hivi vitabu. Watakuonyesha kurasa ulizoziruka.

Halafu angalia wanapozungumzia jambo hilo: nyumbani, wamebanana, chai na pombe mezani, usiku. Angalia kwamba hawasemi ya maana kwenye simu. Hakuna anayewakataza na hakuna anayewaambia kwa nini. Na angalia nani anawasukuma. Wanabishana usiku kucha: ni wageni wa sayari nyingine? Ni chama cha siri? Mmoja wao, mwanahisabati Vecherovsky, anafikia uamuzi kwamba si mtu. Ni ulimwengu wenyewe, sheria ya asili inayojilinda. Huwezi kuishtaki, huwezi kuiomba msamaha, huwezi hata kuichukia. Kila mmoja anabaki na swali lake: nitoe makaratasi au nisitoe? Kuna anayeyatoa na kurudi kutazama televisheni kwa raha zake, na waandishi hawamcheki. Kutomcheka huko ndiko kunakouma.

Mwaka 1974 Boris Strugatsky aliitwa kuhojiwa na KGB, polisi wa siri wa wakati huo, kama shahidi katika kesi ya Mikhail Kheifets, aliyekamatwa kwa kuandika dibaji ya mkusanyo wa siri wa mashairi ya Joseph Brodsky. Kheifets alipewa miaka minne ya kambi na miwili ya uhamisho. Boris alieleza baadaye kwamba hisia za siku hizo ndizo zilizoingia katika kitabu hiki. Hakupigwa na hakufungwa. Aliulizwa maswali kwa upole.

Mandari Kando ya Njia, yaani Roadside Picnic, ndicho maarufu zaidi, na kwa sababu ya umaarufu wake nitakipita haraka zaidi ya kinavyostahili. Wageni kutoka anga walipita duniani, wakasimama kidogo, wakaondoka na kuacha takataka zao. Eneo walilosimama limekuwa Ukanda wenye mauti. Serikali imeuzungushia askari na taasisi ya utafiti. Usiku watu wa magendo wanapenya kuchukua vitu ambavyo hakuna anayejua vinafanyaje kazi. Mhusika mkuu, Redrick Schuhart, mchana ni msaidizi wa maabara wa taasisi na usiku ni mwizi wa kile kile anachokitafiti. Mji umewekwa katika nchi ya magharibi isiyotajwa, kwa hiyo mkaguzi angeweza kusema kinahusu uroho wa mabepari. Sasa lete penseli. Nani anashangaa kwamba kila mtu ana kazi mbili, ya kibali na ya giza? Nani anashangaa kwamba kitu chochote cha maana kinapatikana kwa kujuana na kwa mlango wa nyuma? Hakuna. Hata maiti wa makaburini wanaporudi nyumbani na kukaa mezani, familia inazoea.

Ukinunua hiki, nunua tafsiri ya Kiingereza ya Olena Bormashenko, ya mwaka 2012, kwa sababu imetokana na maandishi yaliyorudishiwa yale yaliyokatwa. Na usiache neno la mwisho la Boris Strugatsky. Riwaya ilitoka jaridani mwaka 1972, lakini kuitoa kama kitabu kulichukua miaka minane ya barua. Wahariri hawakulalamikia siasa hata kidogo. Walilalamikia matusi, ugomvi na tabia zisizofaa, orodha ndefu kwa namba za kurasa. Boris alizitunza barua hizo, na ukizisoma utadhani ni sura nyingine ya kitabu. Filamu ya Andrei Tarkovsky ya mwaka 1979, Stalker, iliyotokana na kitabu hiki, ni nzuri, ila ni kitu kingine kabisa. Itazame baada ya kusoma. Na mtu akikuambia kitabu kilitabiri Chernobyl, ile ajali ya kinu cha nyuklia ya mwaka 1986, mwambie kilitangulia kwa miaka 14, na kwamba waliopenya kwenye eneo la Chernobyl ndio waliojiita "stalker" kwa jina la watu wa magendo wa kitabu, si kinyume chake.

Konokono kwenye Mteremko siwezi kukushauri uanze nacho, ingawa kuna wanaokiona ndicho bora kuliko vyote. Kina Kurugenzi ya mambo ya msitu ambayo watumishi wake hawauoni msitu, na mtu mmoja, Perets, anayetamani kuuona lakini hapati kibali. Sehemu ya Kurugenzi ilitoka mwaka 1968 katika jarida la mbali, la Buryatia, Siberia, na matoleo hayo yakaondolewa maktaba. Aliyewahi kuzungushwa ofisini kutafuta saini moja atacheka mpaka machozi kwa kurasa kadhaa, kisha atapotea msituni kama nilivyoona wengi wakipotea.

Jambo moja la kuweka sawa kabla hujaanza. Wazee wetu wengi waliisoma Moscow kupitia vitabu vya bei chee vya shirika la Progress, vingine kwa Kiswahili safi, vilivyouzwa Dar es Salaam: matrekta, wanaanga, hadithi za watoto zenye picha nzuri. Vitabu ninavyokuambia uvisome havikuweza kuja na meli hizo wakati nyumbani kwao vilikuwa vimefungiwa au vinapita kwa taabu. Lakini usivitumie kuwazomea wazee. Vile vya matrekta navyo vilikuwa na ukweli wake: ndugu Strugatsky wenyewe walikulia humo, walisoma humo, na hamu yao ya karne ya 22 waliipata humo humo. Ukisoma vya giza peke yake utadhani Mrusi aliamka kila siku akilia. Soma na vichekesho vyao. Hata Bulgakov, karibu kila ukurasa ana mzaha. Profesa anamshauri msaidizi wake asisome magazeti ya Kisovieti kabla ya kula, na msaidizi anapojibu kwamba hayapo mengine, anaambiwa basi asisome yoyote.

Mpangilio ninaowapa wanaoniuliza ni huu: Moyo wa Mbwa kwanza, kwa sababu unaisha kwa siku mbili tatu na unachekesha. Kisha Miaka Bilioni, kisha Mandari. Sisi ingeweza kuwa ya kwanza kwa tarehe, lakini imeandikwa kwa sentensi zilizokatikakatika, na msomaji mpya huiacha. Ifikie ukiwa umezoea. Usisome viwili mfululizo bila kupumzika na kitu kingine, maana vina tabia ya kuchanganyikana kichwani mpaka Shvonder akajikuta Ukandani. Hata hivyo, ukimweka huko angepata cheo.

Mwisho kabisa, Mji Uliolaaniwa, pia wa ndugu Strugatsky. Waliumaliza mwaka 1972 wakijua hautachapishwa. Ulipigwa taipu nakala tatu tu, mbili zikafichwa kwa watu wanaoaminika, na wao wakanyamaza mpaka 1988. Watu wa nchi na miaka mbalimbali wameletwa katika mji mmoja kwa ajili ya Jaribio ambalo hakuna anayelijua lengo lake, na kila baada ya muda mashine inawabadilishia kazi: leo mzoa taka, kesho mpelelezi, kesho kutwa mhariri. Andrei Voronin, kijana wa Leningrad ya mwaka 1951, muumini wa kweli, anazipitia zote kwa utii na anapanda ngazi bila kutambua anachogeuka. Ni kitabu kirefu na kizito kuliko vyote nilivyotaja hapa, na sehemu ya kwanza, ya wazoa taka, inasuasua. Vumilia mpaka afikie kazi ya upelelezi, aingie kwenye lile Jengo Jekundu na kuketi kucheza sataranji ambayo kete zake ni watu anaowafahamu. Ukishindwa kuendelea baada ya hapo, kiweke chini bila aibu, kitabu hakikukusudiwa wewe.